Semei Kakungulu na Jina Ambalo Wazazi Hulikwepa

Somo la nyumbani: 2 Samweli 16:5-13, 2 Samweli 19:16-23, 1 Wafalme 2:36-46, Esta 2:5, Matendo 15.

Tunapoweka watoto wakfu hapa Njukini, majina ni yale yale: Danieli, Samweli, Esta, Ruthu, na siku hizi akina Prince na Precious wameingia pia. Shimei? Nani atampa mtoto wake jina la Shimei! Ukilitaja tu, watu wanamkumbuka mtu mmoja, yule mwana wa Gera wa kabila la Benyamini, aliyetoka Bahurimu akimlaani Daudi na kumrushia mawe na mavumbi wakati mfalme anamkimbia mwanawe Absalomu. Jina limekwama hapo.

Lakini yuko mtu alilibeba jina hilo huku kwetu Afrika Mashariki, na wako watu wanaomkumbuka mpaka leo. Alikuwa Uganda, chini ya Mlima Elgon. Ukivuka mpaka wa Malaba unaufikia mji alioujenga kabla jua halijazama. Anaitwa Semei Kakungulu. Semei ni Shimei yule yule. Kigiriki hakina sauti ya sh, kwa hiyo wale waliotafsiri Agano la Kale kwa Kigiriki waliandika Semei. Hata katika ukoo wa Bwana Yesu, Luka 3:26, yumo babu mwenye jina la namna hiyo. Wengi tunaruka orodha ile tukisoma, si kweli?

Sasa maana yake. Katika Kiebrania jina hili limetoka kwenye neno shama, yaani kusikia. Ni ndugu wa majina tunayoyajua vizuri. Lea alipomzaa Simeoni alisema habari ya Bwana kusikia kwamba yeye hapendwi, soma Mwanzo 29:33. Ishmaeli ni Mungu husikia, na jirani zetu Waislamu wanaposema Ismaili wanataja jina lile lile. Shemaya na Elishama ni wa nyumba hiyo hiyo. Ile herufi ya mwisho ya Shimei wataalamu wanaieleza kwa njia mbili. Wengine wanaona ni mabaki ya jina la Mungu lililokatwa, kama sisi tunavyomkata Nehemia akawa Nehe, na hapo maana inakuwa Bwana amesikia. Wengine wanalichukua kama msikivu. Halafu kuna kamusi za zamani zinazolitafsiri kuwa mtu mashuhuri, maana mashuhuri ni mtu ambaye habari zake zinasikika. Kwa hiyo jina moja linaweza kuwa la mtu anayesikika, au anayesikia, au aliyesikiwa na Mungu. Shikeni hayo, tutayahitaji.

Kakungulu alizaliwa mwaka 1868 hivi, huko Koki, ufalme mdogo kusini magharibi mwa Buganda. Akiwa kijana aliingia Buganda, akawa mwindaji wa ndovu na mtu wa vita wa Kabaka Mwanga. Ni miaka ile ya 1880 ambapo Injili ilikuwa inaingia ikulu kwa moto, na vijana wa Mwanga waliomwamini Kristo walichomwa Namugongo mwaka 1886. Kakungulu alikwenda upande wa Waprotestanti, akabatizwa, akapewa jina la Semei.

Mwaka 1888 mambo yakaharibika Buganda. Mwanga akang'olewa, kisha chama cha Waislamu kikashika nchi chini ya Kalema, na Wakristo wakafukuzwa wakakimbilia Ankole. Walirudi wakipigana, na katika vita vile vya kumrudisha Mwanga jina la Kakungulu likaanza kusikika kila mahali. Alikuwa jemadari kweli kweli, na vijana wakawa wanamfuata kwa sababu alikuwa mshindi na alikuwa anagawa. Kwa maana ile ya tatu ya jina, huyu alikuwa Shimei tayari. Mashuhuri.

Umashuhuri huo ndio uliomletea shida. Kiongozi mkubwa wa Waprotestanti alikuwa Apolo Kagwa, Katikiro, yaani waziri mkuu. Wote wawili walikuwa Wakristo wa kanisa moja, na wote walikuwa wanaume wa nguvu. Kijiji kimoja hakitoshi fahali wawili. Kakungulu alipewa cheo cha Kimbugwe, cheo kikubwa sana, lakini hawakuweza kukaa. Mwaka 1895 akaachia cheo, akaenda zake Bugerere, ng'ambo, akaanza kujitafutia nchi kuelekea mashariki.

Waingereza walimwona kuwa wa manufaa. Aprili 1899 alikuwa na jeshi lake katika msafara uliowakamata Mwanga mwenyewe na Kabalega wa Bunyoro huko Lango. Ndiyo, Mwanga yule yule aliyemlea ikulu. Wafalme wale wawili wakapelekwa kisiwani Shelisheli. Hapa mimi husita kidogo kila nikisoma habari zake. Daudi alipata nafasi mara mbili ya kumwua Sauli pangoni na kambini, akaiacha. Kakungulu hakuwa Daudi. Alikuwa mtu wa vita wa wakati wake, na vita vile viliwaumiza watu wengi wa mashariki ya Uganda ambao hawakumwita. Tusimpake sukari.

Baada ya hapo akasonga mbele na Waganda wake, anajenga ngome, anagawa nchi kwa watu wake, anafungua barabara. Nchi ile Waganda waliiita Bukedi. Alikuwa na tumaini moja kubwa: kuwa mfalme huko, Kabaka wa Bukedi. Aliondoka kwenye mazungumzo na Sir Harry Johnston, mkuu wa Waingereza, akiamini ameahidiwa hivyo. Waingereza walikuwa na hesabu nyingine. Yeye awafungulie nchi bila gharama, halafu wao waiendeshe. Mwaka 1902 wakamwondoa kwenye ngome yake ya Budaka, wakampa maili za mraba 20 chini ya mlima. Pale ndipo alipojenga Mbale. Pori lile likawa mji wenye soko na barabara pana, na wageni waliopita pale walistaajabu. Kuanzia 1906 mpaka 1913 wakamweka Busoga awe rais wa baraza la machifu, kisha hilo nalo likaisha. Akarudi Mbale. Aliandika barua nyingi za kudai alichoahidiwa. Hazikumpa ufalme.

Hebu linganisheni na mwana wa Gera. Baada ya Daudi kufa, Sulemani alimwekea mpaka: jenga nyumba Yerusalemu, kaa humo, siku utakayovuka kijito cha Kidroni utakufa. Akakaa miaka mitatu. Halafu watumwa wake wawili wakatorokea Gathi, akatandika punda akawafuata, na kurudi kwake kukawa ndiyo mwisho wake. Sisi tunaoishi hapa mpakani tunamwelewa. Nani kati yetu ng'ombe wake akivuka upande wa Rombo atakaa chini afikirie sheria kwanza? Shimei yule aliwekewa mpaka na mfalme akaurukia kwa ajili ya mali. Shimei wa Mbale naye aliwekewa mpaka, maili 20 za mraba, mtu aliyezoea kupanda farasi siku nyingi akiwa bado ndani ya nchi yake mwenyewe. Yeye hakutandika punda. Alifungua Biblia.

Biblia nzima ya Kiganda ilikuwa imechapwa mwaka 1896, kazi ya George Pilkington akishirikiana na Waganda, hasa Henry Wright Duta. Ilikuwa kitabu kinene, chembamba kwa upana, kimetengenezwa hivyo ili kiingie ndani ya mkebe wa biskuti, mchwa wasikile. Watu walikisoma kwa njaa. Na kitu kimoja kinachotokea watu wakipata Neno katika lugha yao wenyewe ni kwamba wanaanza kumwuliza mmisionari maswali ambayo hakuyategemea. Mbona Ibrahimu alikuwa na wake wengi? Mbona mnapumzika Jumapili na amri inasema siku ya saba? Mbona tunakimbilia dawa na Bwana amejiita mponyaji katika Kutoka 15?

Mwaka 1914 hivi likatokea kundi lililoshika hilo swali la mwisho. Viongozi wake walikuwa Joswa Kate, chifu mwenye cheo cha Mugema, na mwalimu Malaki Musajjakawa. Watu wakaliita Wamalaki. Malaki nalo ni jina la Kiebrania lisilo la kawaida, maana yake mjumbe wangu. Walibatiza watu kwa maelfu bila kuwadai masomo ya miaka, na walikataa dawa kabisa, hospitali, hata chanjo ya watu na ya ng'ombe. Kakungulu akajiunga nao, na serikali ikawa haielewani naye kwa sababu ya chanjo.

Wapendwa, hapa lazima niseme wazi, maana jambo hili liko kwetu, siyo Uganda ya 1914 tu. Sisi tunaamini Yesu anaponya. Tumeona. Lakini nimekaa na familia ambazo mama aliacha dawa za presha, na mwingine akaacha zile za kila siku za virusi, kwa sababu mtu alimwambia kumeza ni kukosa imani. Isaya alipotumwa kwa Hezekia na habari njema kwamba ataishi, aliagiza mkate wa tini uwekwe juu ya jipu, soma Isaya 38:21. Ahadi ya Mungu na dawa vilikuwa chumba kimoja. Paulo alitembea na tabibu. Wamalaki walisikia nusu ya Neno kwa bidii kubwa, na watu walilipa kwa miili yao. Meza dawa yako, mama, halafu uje kwenye maombi.

Turudi kwa Semei. Kwa Wamalaki hakukaa sana, kwa sababu yeye aliendelea kusoma. Akafika kwenye tohara. Mwanzo 17, Walawi 12, siku ya nane. Hakuona mahali Mungu anamfutia Ibrahimu agizo lile. Mwaka 1919, akiwa mtu wa miaka 50 hivi, akatahiriwa, na wanawe wakatahiriwa.

Ili mwelewe uzito wake, kumbukeni Waganda hawakuwa na desturi ya kutahiri. Kwa Mganda, tohara ilikuwa alama ya Uislamu, na huyu ndiye jemadari aliyewapiga jeshi la Kalema. Pale Mbale pia Wagisu wanatahiri vijana wao kwa desturi yao ya imbalu, kwa hiyo Mganda mkubwa kutahiriwa ilionekana kama ameteremka. Wamalaki wenzake walimwambia hayo ni mambo ya Wayahudi. Naye akawajibu kwamba kama ni hivyo, basi yeye ni Myahudi. Akatoka na watu wake, wakaanza kujiita Abayudaya, yaani Wayahudi kwa Kiganda. Hakukuwa na Myahudi wa kuzaliwa aliyemhubiria. Ni mtu na kitabu tu.

Mwaka 1922 akachapisha kwa Kiganda kitabu cha maagizo na sala, kurasa 90 hivi, akiwasihi watu wake washike amri za Musa. Mwanzoni walichanganya mambo, bado walikuwa wanabatiza watoto na kulisoma Agano Jipya. Katika miaka hiyo ya 1920 akakutana na Myahudi mgeni anayekumbukwa kwa jina la Yusufu tu, akamkaribisha kwake Gangama, nje ya Mbale, kwa miezi sita hivi. Yusufu akawafundisha kalenda ya sikukuu, Sabato kuanzia Ijumaa jioni, kuchinja kwa sheria, na sala kwa Kiebrania. Ubatizo ukaachwa. Na sala kubwa kuliko zote waliyojifunza ni ile ya Kumbukumbu la Torati 6:4, ambayo Wayahudi huiita Shema, kwa sababu inaanza na amri ya kusikia. Neno lile lile lililomo ndani ya jina la Semei. Sijui kama kuna siku Yusufu alikaa na mzee chini ya mti akamwonyesha kwamba jina lake na sala ni mzizi mmoja. Ningependa iwe hivyo.

Wengine mtaniuliza, mchungaji, huyu si aliiacha neema? Kwa imani yetu, ndiyo, na ninalisema kwa huzuni. Mitume walikaa Yerusalemu juu ya swali hili hili la tohara, Matendo 15, na Roho Mtakatifu akawaongoza wasiwatwike mataifa nira ile. Paulo akaandika Wagalatia nzima. Kakungulu alikuwa na kurasa hizo katika lugha yake. Lakini kabla hatujamhukumu, tuangalie nani alikuwa amemsomea Injili. Alihubiriwa neema na watu waliokuwa wanampigania Katikiro, akaahidiwa nchi na Wakristo wenzake wa Ulaya, ahadi ikayeyuka. Mtu akiona waliobeba Agano Jipya hawashiki agano lao, unashangaa akirudi kwa la kwanza? Mimi sishangai. Na tena, bidii yake ya kusoma inanitia aibu. Sisi Biblia iko kwenye simu, na mtu anakaa mwaka mzima hajafika Walawi.

Alifariki Mbale Novemba 1928, akiwa na miaka 60 hivi. Alizikwa Gangama, chini ya mlima, na kaburi liko huko hadi leo. Ufalme wa Bukedi hakuupata. Miti na barabara alizoacha mashariki ya Uganda watu bado wanamtajia yeye.

Sasa tumrudie Shimei wa Biblia, maana bado hatujammaliza. Wako wengi kuliko mnavyodhani. Kuna Shimei mwana wa Gershoni mwana wa Lawi, katika Hesabu 3. Kuna Shimei aliyekataa kumfuata Adoniya, 1 Wafalme 1:8. Kuna Shimei aliyesimamia mashamba ya mizabibu ya Daudi, 1 Mambo ya Nyakati 27:27. Sisi wa mifereji na migomba tungeelewana na huyo. Kuna ndugu yake Zerubabeli. Na kuna yule wa Esta 2:5. Mordekai anatajwa kuwa mwana wa Yairi, mwana wa Shimei, mwana wa Kishi, Mbenyamini. Walimu wa Kiyahudi wa zamani waliona hapo kitu. Walisema huyo ndiye Shimei aliyemlaani Daudi, na kwamba siku Abishai alipotaka kumkata kichwa na Daudi akakataa, Mordekai alikuwa bado kiunoni mwa mtu yule. Daudi angekubali, Hamani asingepata wa kumsimamia. Wengine watasema ni Shimei tofauti, na ukihesabu vizazi wana hoja. Lakini mwaliko uko pale: usiwe mwepesi kumkata mtu kwa sababu ya alichokupigia leo.

Maana tazama kilichotoka kiunoni mwa Semei wa Mbale. Alipokufa, wengi walirudi makanisani. Waliobaki waliendelea peke yao vijijini kuzunguka Mbale, bila rabi, na kitabu cha mzee mkononi. Walikua wakafika watu 3,000 hivi. Halafu akaja Idi Amin. Katika miaka ya 1970 alipiga marufuku dini ya Kiyahudi, nyumba zao za sala zikafungwa, na kushika Sabato kukawa hatari. Wengi wakageuka wakawa Wakristo au Waislamu. Inasemwa walibaki 300 hivi. Hao walisali kwa siri, usiku, wengine wakijificha vichakani na mapangoni, wazee wakiwafundisha watoto kwa sauti ya chini ile sala inayoanza na kusikia.

Walifunga, wakaomba. Tarehe 11 Aprili 1979 Kampala ikaanguka na Amin akatimuliwa. Hesabu kalenda ile ambayo Yusufu aliwafundisha kule Gangama, utaona jioni ya siku hiyo ilikuwa inaingia Pasaka ya Kiyahudi. Serikali mpya ikaruhusu tena watu kuabudu wapendavyo. Leo wana sinagogi yao juu ya kilima cha Nabugoye, nje ya Mbale, na wazee wao wanaposimulia mwaka ule hawatafuti maneno mengi. Wanasema Mungu alisikia.